Kamera iliyong'olewa kioo: inaona nini, na nini haioni

Jioni moja barazani kwetu, mtaa wa Himbi mjini Goma, niliiweka kamera juu ya tripodi, nikaifunga kichujio cheusi kama kaniki, nikaielekeza kwa mama aliyekuwa akichambua maharage chini ya taa ya LED. Skrini ya kamera ikawa giza tupu. Mama alikuwa na mwanga wa kumtosha kutambua kijiwe katikati ya punje, lakini kamera haikumwona. Dada akatoka jikoni na sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka bado, akaitua karibu naye. Giza lilelile. "Hiyo apareyi imekufa?" mama akauliza. Kisha ikaletwa mbabula, makaa yameshika barabara, na papo hapo picha ikajaa: uso wa mama, ungo, mbao za ukuta, miguu ya kiti.

Taa iliyotuangazia sisi haikuiangazia kamera. Maji ya moto hayakuonekana. Makaa yakawa taa. Mtu akielewa kwa nini mambo hayo matatu yalikwenda hivyo, ameshaelewa sehemu kubwa ya kamera ya spektra kamili, yaani iliyong'olewa kile kioo kinachoizuia isipokee mwanga ambao jicho haliuoni.

Naandika haya kwa sababu ya maswali ninayoulizwa hapa Goma kila nikiitoa kamera hii kwenye begi. Ndiyo ile inayoona joto la mtu gizani? Inapenya nguo? Miti hii myeupe umeipaka kwa kompyuta? Katika mji ambao mwenye kamera huulizwa anatoka wapi na picha anampelekea nani, jibu la ovyo linaweza kumletea taabu yeye na aliyesimama naye. Afadhali tuelewane tangu mwanzo.

Kioo kilichokuwa kikitukatia

Mwanga tunaouona ni kipande chembamba cha kitu kikubwa. Hupimwa kwa urefu wa wimbi, na kipimo chake ni nanometa, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Urujuani unaanzia kwenye nanometa 400 hivi, nyekundu inaishia karibu na 700, na rangi zote za upinde wa mvua unaosimama juu ya Ziwa Kivu zimo katikati ya namba hizo mbili. Mwaka 1800, William Herschel, mtazama nyota aliyeishi Uingereza, alipasua mwanga wa jua kwa prizimu na kuweka vipimajoto kwenye rangi mojamoja. Kile alichokiweka nje ya nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote ya kuonekana, kilipanda kuliko vingine. Hiyo ndiyo infraredi. Mwaka uliofuata Mjerumani Johann Wilhelm Ritter akatafuta upande wa pili: kloridi ya fedha, ambayo husawijika ikipigwa na mwanga, ilisawijika haraka zaidi nje ya urujuani. Huko ndiko kwenye urujuanimno.

Kihisi cha kamera, kile kipande cha silikoni kilicho nyuma ya lenzi kinachogeuza mwanga kuwa umeme, hakijui mpaka wa jicho la binadamu. Silikoni huitikia mwanga mpaka karibu na nanometa 1,100, na upande wa chini hushuka hadi ndani ya urujuanimno. Kihisi kikiachwa hivyo, rangi za picha ya harusi zingeharibika: suti nyeusi ya bwana harusi ingetoka kahawia na majani ya maua yangepauka. Ndiyo maana kiwanda huweka mbele ya kihisi kioo chembamba chenye rangi ya buluu iliyoelekea kijani, kinachozuia karibu kila ambacho jicho haliwezi kukiona na kuruhusu kilichobaki.

Kuibadilisha kamera iwe ya spektra kamili ni kuking'oa kioo hicho na kuweka kingine kisicho na rangi. Uwezo wa kuona infraredi ulikuwemo tangu siku kamera ilipotengenezwa. Kilichoondoka ni uamuzi ambao kiwanda kiliufanya kwa niaba yako. Sasa uamuzi huo ni wako, na kila siku unaufanya upya kwa kichujio unachofunga kwenye lenzi.

Hili ndilo jambo ambalo wengi hawaambiwi wanaponunua. Wanadhani kamera iliyofunguliwa itaona zaidi, basi itapiga picha nzuri zaidi. Ipige bila kichujio uone: picha nzima ina wekundu uliochanganyika na zambarau, majani kama yamekauka, na hakuna kitu kinachokaa kwenye fokasi sawasawa, kwa sababu lenzi haikusanyi mawimbi yote mahali pamoja. Ukilenga kijani, infraredi inaangukia nyuma kidogo, na picha mbili zinalaliana. Kamera inayopokea kila kitu kwa mkupuo haisemi chochote kinachoeleweka. Kichujio ndicho kinachoona. Kwangu mimi, mwenye pesa ya kamera nzuri na kichujio kibovu amekosea hesabu. Ni heri kamera kuukuu na kichujio cha kuaminika.

Nanometa 720, na Goma inayogeuka nyeupe

Vichujio vya infraredi huitwa kwa namba. Namba inaonyesha mahali mlango unapofunguka: cha 720 huzuia mawimbi mafupi kuliko hapo na kuachia marefu. Hoya R72 ni mojawapo ya vile vinavyojulikana sana. Ukikishika mkononi ni cheusi, ukikielekeza kwenye balbu ya zamani unaona wekundu hafifu kwa mbali.

Panda nacho Mlima Goma saa sita mchana, wakati ambao mpiga picha wa kawaida amejificha kivulini akilaani jua, na uelekeze lenzi ziwani. Migomba, mikaratusi na nyasi zote zimekuwa nyeupe kama zimenyunyiziwa unga. Ziwa ni jeusi. Anga imekolea giza na mawingu yamesimama juu yake kama pamba. Mawe ya lava, ambayo tumejengea kuta za nusu ya mji huu, yamebaki meusi vilevile. Sijui mji mwingine ambao picha ya infraredi inaufaa namna hii: weusi wa volkano chini, weupe wa majani juu yake, na kati yake hakuna kijivu cha kuchosha.

Kila kimoja kina sababu yake, na sababu hizo hazifanani.

Majani kwanza. Klorofili hula mwanga mwekundu na wa buluu, ikirudisha kijani kidogo; ndiyo kijani tunachokiona. Lakini infraredi haiigusi kabisa. Inapita ndani ya jani, inakutana na seli zenye maji na nafasi za hewa kati yake, inadundadunda kila upande, na karibu nusu yake inarudi ilikotoka. Jani ambalo kwetu ni la kijani kilichokolea, kwa infraredi ni kioo kinachong'aa. Mmarekani Robert Wood alionyesha picha za namna hii mwaka 1910, na jina lake likabaki kwenye hali hiyo. Setilaiti za Landsat, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 1972, zinategemea jambo hilohilo kupima mimea kutoka angani: hulinganisha nyekundu inayoliwa na infraredi inayorudishwa, na shamba lenye afya hujitenga na lililochoka. Nimeshaombwa na mkulima wa upande wa Sake nimpigie migomba yake nione ipi inaugua. Nilimwambia ukweli: jani likinyauka kweli weupe wake hupungua, lakini picha yangu ya kupendeza si kipimo. Kipimo kinahitaji bao la rangi inayojulikana, mwanga usiobadilika na hesabu. Kumwahidi zaidi ya hapo kungekuwa kumuuzia maji ya ziwa.

Anga ni habari nyingine. Hewa hutawanya mawimbi mafupi kuliko marefu, na tofauti ni kubwa mno: mwanga wa buluu wa nanometa 450 hutawanywa mara 10 kuliko infraredi ya nanometa 800. Buluu ya anga ni mwanga huo uliotawanyika. Ukiuzuia kwa kichujio, hakibaki kingi cha kutawanyika, na anga inaingia giza. Ndiyo maana pia kiangazi, moshi mwembamba na utando wa mbali ukiwa umeifichaficha Nyiragongo, picha ya infraredi inaweza kuuleta mlima karibu kwa namna ya kushangaza. Lakini wingu lenyewe hailipenyi. Matone ya wingu na ya ukungu ni makubwa mno kulingana na wimbi. Yanatawanya mawimbi yote sawa. Mlima ukijifunika, umejifunika.

Ziwa linakuwa jeusi kwa kuwa maji humeza infraredi, na kinachobaki usoni pake ni taswira ya anga ambayo nayo ni nyeusi.

Rangi zinatoka wapi

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa zaidi, nami nilichanganyikiwa kwa miezi. Infraredi haina rangi. Mbona basi picha zina anga ya buluu na miti ya dhahabu?

Kihisi chenyewe hakioni rangi. Kinahesabu mwanga tu. Rangi zinatokana na vichujio vidogo sana vilivyobandikwa kimoja juu ya kila pikseli, na katika kila pikseli nne kimoja ni chekundu, kimoja buluu na viwili kijani, mpango wa Bryce Bayer wa Kodak uliopewa hataza mwaka 1976. Rangi hizo zilitengenezwa kwa ajili ya mwanga unaoonekana. Ukifika nanometa 720, ile nyekundu bado inaachia mwanga mwingi, buluu na kijani zinaachia kidogo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo rangi yote uliyo nayo. Ukisogea hadi 830 au 850, vile vichujio vidogo vyote vinakuwa kama havipo, vinaachia sawa, na picha inatoka nyeusi na nyeupe hata ukitaka vingine. Kile cheusi kama kaniki cha barazani kilikuwa cha 850. Kwa upande mwingine, kichujio cha 590 kinaruhusu na rangi ya machungwa na nyekundu za kawaida ziingie pamoja na infraredi, na tofauti kati ya anga na majani inakuwa kubwa mno. Ndicho kinachopendwa na wanaotaka majani ya manjano ya dhahabu.

Ukiipiga ya 720 bila kurekebisha kitu, skrini inaonyesha wekundu mtupu. Kazi ya kwanza ni mizani ya nyeupe: elekeza kamera kwenye nyasi zilizopigwa na jua na uiambie kwamba hizo ndizo nyeupe. Nyasi zinatulia, anga inakuwa ya kahawia. Kazi ya pili hufanyika kwenye kompyuta: unabadilishana nafasi, kilichokuwa kwenye nyekundu kiende kwenye buluu na cha buluu kije kwenye nyekundu. Kahawia ya anga inageuka buluu. Programu ya bure kama GIMP inatosha. Piga faili ghafi, zile zinazoandikwa RAW kwenye menyu, kwa sababu kwenye JPEG wekundu ule huwa umeshaharibu kila kitu kabla hujagusa.

Kwa hiyo anayeuliza kama nimepaka rangi anastahili jibu lenye sehemu mbili. Weupe wa mti, weusi wa ziwa na giza la anga ni kweli. Mwanga ulikuja hivyo. Buluu na dhahabu nimezichagua. Naona mpiga picha anawiwa kusema hivyo chini ya picha yake, hasa picha za huku kwetu. Dunia imeshaiona Kivu kwa rangi za uongo: Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland, alifanya kazi huku kwa filamu ya Kodak Aerochrome, ambayo ilitokana na filamu za kijeshi za kugundua maficho yaliyofunikwa kwa rangi ya kijani isiyo ya majani, na vilima vyetu vikaonyeshwa Venice mwaka 2013 vikiwa vya waridi. Filamu ile ilikuwa na tabaka lililofanya infraredi itoke nyekundu filamu ikisafishwa, basi kila jani likawa jekundu au waridi. Kodak ilishaacha kuitengeneza, na leo wenye kamera za spektra kamili huiiga kwa vichujio vinavyochanganya infraredi na kijani. Picha zile ni nzuri, sikatai. Lakini nimekutana na wageni wanaodhani Masisi kweli ina majani ya waridi, na sipendi kuwaongezea.

Siyo joto

Turudi kwenye mbabula. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi, na kadiri kinavyozidi kupata moto ndivyo mawimbi yake yanavyofupika. Mwili wa binadamu, nyuzi 37, hutoa zaidi kwenye nanometa 9,000 hadi 10,000. Rudi kwenye namba ya silikoni: inakomea 1,100. Si kwamba inaona joto la mwili kidogo, hailioni kabisa. Wala maji yanayochemka. Kamera za joto, zile zinazoonyesha mtu akiwa mwekundu gizani, ni kifaa kingine kabisa, chenye kihisi kingine na lenzi za gerimani, ambayo ni elementi kama silikoni, kwa sababu kioo cha kawaida kinazuia mawimbi hayo kama ukuta.

Makaa yanazidi nyuzi 700 yakiwa yamepepewa. Kitu kikifika karibu na nyuzi 525 jicho linaanza kukiona kimekuwa chekundu gizani, na kamera hii hututangulia kidogo hapo, basi. Makaa humwaga infraredi nyingi ya karibu, na mama aliangazwa nayo kama na taa. Taa ya LED nyeupe haitoi kitu kwenye nanometa 850. Ndiyo maana chini yake kamera ilikuwa kipofu. Balbu ya zamani yenye waya, mshumaa, jua, yote hutoa. Bila taa ya namna hiyo kamera yangu usiku haina kazi, na hili ndilo ninalomwambia kila anayeniuliza kama naweza kumwona mtu gizani. Kamera za ulinzi zinaweza kwa sababu zina vitaa vyao vidogo vya infraredi pembeni ya lenzi. Vizime, nazo hazioni.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipopasuka na anga ya kaskazini ikawa nyekundu, lava ile ya nyuzi karibu 1,000 na zaidi ingeonekana vizuri kwenye kamera hii, kama makaa. Sikupiga. Tulikuwa tunabeba watoto.

Ngozi na vikwembe

Melanini hupungukiwa na nguvu ya kumeza mwanga kadiri wimbi linavyorefuka. Kwenye 850, ngozi nyeusi na ngozi nyeupe zinakaribiana sana. Picha ya mama barazani ilimtoa akiwa na uso laini, mweupe, kama wa sanamu ya udongo wa kaolini. Infraredi huingia ndani ya ngozi milimita kadhaa kabla ya kurudi, kwa hiyo makunyanzi hufifia na mishipa hujitokeza. Macho yetu ya kahawia iliyokolea huwa mepesi na nyuzi zake zinahesabika. Vifaa vya kutambua watu kwa mboni hutumia nanometa 700 hadi 900 kwa sababu hiyohiyo. Watu wengine hawapendi kujiona hivyo. Mama hakupenda. Kabla sijampiga mtu kwa infraredi namwonyesha kwanza picha ya mtu mwingine aliyekubali, aone atakavyotoka, ndipo aamue.

Kuhusu nguo: rangi nyeusi ya kiwandani mara nyingi ni nyeusi kwa macho tu. Niliwahi kupiga kundi la waombolezaji, wote wamevaa nyeusi, na picha ikatoka na vikwembe vya kijivu, vyeupe na viwili tu vilivyobaki vyeusi. Ndiyo, kitambaa chembamba cha nailoni au poliesta, kikiwa kimegusana na mwili, kinaweza kuachia infraredi ipite. Kitenge cha pamba kizito hakiachii. Neno "kupenya nguo" limetiwa chumvi sana, lakini chembe ya ukweli imo, na kwa sababu hiyo simwelekezei lenzi mtu ambaye hajui ninachotumia. Hilo kwangu halina mjadala.

Upande wa pili, wenye ubahili

Urujuanimno ni mgumu. Mwanga wake ni mchache, kihisi kinauitikia kwa unyonge, na lenzi za kisasa zenye vioo vingi na tabaka nyingi za kuzuia mng'ao huuzuia usiingie. Wanaoupenda hutafuta lenzi za zamani zenye vioo vichache. El-Nikkor ya milimita 80, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za kukuzia picha chumba cha giza, ina sifa hiyo. Tena vichujio vya bei nafuu vinavyoruhusu urujuanimno huvujisha infraredi, na kwa kuwa kihisi kinaipenda infraredi zaidi, uvujaji mdogo unameza picha yote. Unadhani umepiga urujuanimno, kumbe ni infraredi iliyovaa nguo ya jirani. Dawa ni kufunga kichujio cha pili cha kuizuia, au kununua kilichotengenezwa kwa yote mawili, kama kile cha Baader ambacho wenye darubini hupigia mawingu ya sayari ya Zuhura.

Tuna faida moja: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na urujuanimno huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mchana wenye jua, lenzi ikifunguliwa yote na tripodi ikitulia, ua la alizeti ambalo petali zake kwetu ni za manjano tupu hutoka na ukingo unaong'aa na duara jeusi ndani. Nyuki, ambaye huona urujuanimno, huliona duara hilo kama alama ya pa kutua. Niliposhikilia picha ile kwa mara ya kwanza nilikaa chini.

Onyo moja, na nalisema kwa uzito. Kichujio cheusi cha infraredi kinaonekana kama kinga ya jua lakini sivyo. Kinazuia mwanga unaokufanya ufumbe macho na kuachia ule unaounguza ndani ya jicho kimyakimya. Usichungulie jua kupitia kwake, wala usimpe mtoto achezee.

Ukitaka kuifanya mwenyewe

Mafundi wa simu wa mtaa wa Birere wana mikono ambayo naiheshimu, na wa kwangu alifanya kazi safi kwa kamera yangu ya pili. Ya kwanza ilikufa mikononi mwa fundi mwingine, na kosa lilikuwa la haraka. Kapasita ya flashi, yaani kihifadhi umeme wake, hukaa na volti zinazokaribia 300 hata betri ikitolewa. Kwanza itolewe chaji. Pili, kioo kisitolewe pakaachwa wazi. Kioo cha milimita 3 husogeza fokasi nyuma kwa karibu milimita 1, na ukikitoa bila kuweka kingine cha unene unaofaa, kamera inaweza kukosa kabisa fokasi ya mbali: utapiga kikombe mezani vizuri, Nyiragongo kamwe. Tatu, vumbi. Chembe moja chini ya kioo kipya itaonekana kwenye kila picha mpaka siku ya mwisho wa kamera, na vumbi la mji huu ni la lava, linakwangua.

Chagua kamera isiyo na kioo cha kugeuka ndani, kile kinachopeleka picha kwenye tundu la kuchungulia. Zile za zamani zenye kioo hicho hupima fokasi mahali pengine mbali na kihisi, kwa mwanga wa kawaida, na infraredi inazidanganya. Tena kichujio cheusi kikifungwa huoni chochote kwenye tundu la kuchungulia. Isiyo na kioo hicho cha kugeuka inapima kwenye kihisi chenyewe na inakuonyesha picha ilivyo. Kamera ambayo haijabadilishwa nayo inaweza kupiga infraredi kwa R72, lakini kwa sekunde nyingi juu ya tripodi. Iliyobadilishwa inapiga mkononi, na mtu anayepita na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, anabaki mtu badala ya kuwa moshi.

Lenzi uijaribu kabla ya kuinunua. Nyingine, nzuri kabisa kwa picha za kawaida, huweka duara jeupe katikati ya picha ya infraredi kwa sababu tabaka zake zinarudishiana mwanga ndani, na duara hilo huzidi ukibana tundu la lenzi hadi f/11 au f/16. Nunua kichujio kikubwa kimoja, cha milimita 77 kwa mfano, na pete za kukipunguza kifae lenzi zako zote. Ni nafuu kuliko kununua kila kipimo.

Kichujio ninachokitumia zaidi, ajabu, ni kile kinachoirudisha kamera ilivyokuwa. Huzuia infraredi na urujuanimno, na kamera inapiga harusi tena. Tofauti yake na kioo cha kiwandani ni ndogo lakini tamu: kioo cha kiwandani huanza kukata mapema, na kumeza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa nanometa 656, ambao hutolewa na hidrojeni. Hiki cha nje kinauachia wote. Na mawingu ya hidrojeni ndiyo yaliyojaa kati ya nyota.

Januari, mvua zilipopumzika na umeme ulipokatika mtaa mzima, nilipanda juu ya nyumba na lenzi ya milimita 50, nikaielekeza kwenye kundi la nyota la Orioni ambalo hapa karibu na ikweta hupita juu kabisa ya kichwa. Picha 60, sekunde 4 kila moja, zikaunganishwa na programu asubuhi. Chini ya nyota tatu za mshipi lilikuwepo wingu, jekundu lililoelekea waridi. Mama akaitazama kwa muda mrefu. "Na hii? Hii rangi umeiweka wewe?"

Nikamwambia hapana. Hii ni yake yenyewe. Macho yetu ndiyo hayaitoshi.